Mdomo wa Jogoo Hauna Kitunguu

Karatasi ya manispaa ilimfikia Doña Cuca Jumanne mchana, saa ambayo mtu mwenye akili zake hamsumbui muuza matunda, maana ndiyo saa watoto wanatoka shule na akina mama wanatoka sokoni, na kila mmoja anataka sahani yake sasa hivi. Aliyeileta ni Mkurugenzi wa Utalii mwenyewe, Ivonne Arriaga, mwanamke kijana wa kutoka mji mkuu, mwenye viatu vyeupe visivyoelewana kabisa na mawe ya San Onofre. Alisimama mbele ya meza akingoja kutambuliwa. Doña Cuca alimtambua, lakini alikuwa na kisu mkononi na nanasi nusu limekatwa, akaendelea na nanasi lake.

"Doña Refugio," alisema, akimwita kwa jina la kwenye vyeti, "nimekuletea habari njema."

"Iweke pale pakavu."

Habari njema ilikuwa na kurasa tatu na mhuri. Ilihusu ile katuni ya jogoo, ambayo tangu Pasaka ilikuwa imeujazia mji wageni kama siagi ya jana inavyojaza sisimizi. Wachoraji wake walipita San Onofre miaka mitatu nyuma, wakachora matao ya uwanjani, chemchemi, na kanisa lenye mnara mmoja. Katika katuni hiyo, jogoo aliyezaliwa na mdomo uliopinda anazunguka nchi nzima kutafuta dawa, mpaka bibi mmoja chini ya matao anampa glasi ya kinywaji chekundu cha matunda na pilipili kiitwacho mdomo wa jogoo. Jogoo anakunywa, pilipili inamwasha, mdomo unanyooka, na watu wazima sinemani wanalia. Sasa watu hao hao walikuja na simu zao kuuliza kinywaji kiko wapi.

"Kuanzia Jumamosi, kila anayeuza chini ya matao atauza kinywaji rasmi," alisema Ivonne. "Kokteli moja, sawa kwa meza zote kumi na mbili. Utamu wa matunda, ukali wa pilipili, tekila, wekundu wa nyanya, na duara la kitunguu ukingoni mwa glasi. Kama kwenye filamu."

Kisu cha Doña Cuca kilisimama. "Nyanya?"

"Nyanya."

"Na kitunguu."

"Doña, si ndiyo mdomo wa jogoo? Nyanya, kitunguu, kotimiri, pilipili mbichi."

"Hiyo ni kachumbari, mwanangu. Huko kwenu mnakula kachumbari mnaiita mdomo wa jogoo, shauri yenu. Hapa mdomo wa jogoo ni matunda. Chungwa, kiazi kibichi cha hikama, tango, embe, nanasi, chumvi, danzi, pilipili ya kusaga. Unadonoa kwa vidole viwili, hivi." Akakutanisha kidole gumba na cha shahada, akadonoa kipande cha embe sahanini, akakitia mdomoni. "Umeona jogoo? Ndilo jina lake. Kitunguu kinaingilia wapi hapo?"

Ivonne alitazama vile vidole kwa heshima, kama mtu anayeoneshwa picha za wajukuu wasiomhusu. "Dunia nzima imeona nyanya, doña."

"Dunia nzima haijala kwangu."

"Ndiyo maana nataka waje wale kwako." Alisema hivyo kwa upole wa kweli, na upole huo ndio uliomchoma Doña Cuca zaidi. "Jumamosi saa nne tutaonja meza kwa meza, na mpiga picha atakuwepo. Meza isiyo na kinywaji itahamishiwa nyuma ya kituo cha mabasi. Si uamuzi wangu peke yangu, ni wa kikao. Na bado nina meza nane za kupitia."

Akaenda zake, akiruka mawe kwa vidole vya miguu. Doña Cuca alijua nyuma ya kituo cha mabasi. Jua huko lilianza asubuhi likamaliza jioni, bomba hapakuwa, na embe lililokatwa saa tatu lilikuwa limeshakuwa la nzi saa nne. Alikuwa amekaa chini ya matao miaka thelathini na moja, upande wenye kivuli, mkabala na bomba. Lakini halikuwa jua lililomkosesha raha mchana ule. Lilikuwa ni neno moja kwenye ukurasa wa pili, tekila, na mwanamume mmoja nyumbani.

*

Nyumba ya Doña Cuca haikuwa imeingiwa na chupa kwa miaka tisa. Hata spiriti ya kusafishia vidonda aliihifadhi kwa jirani, na mtu akijikata kisu ilibidi avuke barabara akiwa anavuja damu. Mumewe, Don Eleuterio, alikuwa mtu wa kuapa. San Onofre kila mwaka tarehe mbili Februari, sikukuu ya mishumaa, wanaume walioshindwa na glasi walipanga foleni mbele ya Bikira wakaapa kutogusa pombe, na padre akamwandikia kila mmoja kadi yenye jina, mhuri na tarehe ya mwisho. Rafiki akikusukumia glasi, unatoa kadi. Naye anaiondoa glasi bila neno. Hata katika baa mbaya kuliko zote mjini waliiheshimu kadi kuliko polisi.

Mwaka wa kwanza Eleuterio aliapa kwa sababu alikuwa ameuza mizani ya meza ya matunda ili anywe, na Doña Cuca akapima maembe kwa kukadiria mkononi mbele ya wateja kwa miezi miwili, akitabasamu, wengine wakimwambia aongeze kidogo, mkono wake mwepesi. Hilo hakulisahau. Kila Februari alimsindikiza kanisani, akasimama nyuma yake kwenye foleni kama askari na mfungwa. Mwaka huu tu ndio alikosa, maana dada yake alivunjika nyonga huko Tepic. Aliuliza kwa simu, Eleuterio akamjibu kanisa lilijaa, watu mpaka nje, na yeye akashukuru Mungu akarudi kumgeuza dada yake kitandani.

Jumanne hiyo alimkuta uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua pilipili kavu. Kofia ilikuwa kichwani, na ndani ya utepe wa kofia ncha ya kadi ilionekana kama kawaida.

"Manispaa wanataka tutengeneze kokteli," alisema.

"Wanataka nani atengeneze?"

"Sisi. Ya tekila. Ya ile katuni. Na kitunguu juu."

Eleuterio aliifikiria habari hiyo bila haraka. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka sitini na tatu, aliyenunua machungwa mashambani kwa gari lake bovu, na ulimi wake ulijulikana wilaya nzima: alilamba danzi akakwambia limetoka shamba la nani na kwamba mwenyewe amelimwagilia jana ili liongeze uzito.

"Kitunguu kitaua chungwa," alisema mwishowe.

"Kitunguu si shida yangu. Chupa ndiyo shida yangu. Itaingia humu ndani, mzee."

"Iingie. Ni chupa, haina miguu."

"Iliwahi kuwa na miguu, na mizani yangu ikaondoka nayo."

Don Eleuterio akarudi kwenye pilipili zake. Alipokasirika hakusema kitu, na hilo lilimuudhi mkewe kwa miaka thelathini na minne, kwa sababu ugomvi unahitaji watu wawili na yeye alibaki kuufanya peke yake kila siku.

*

Alhamisi alikuja Fermín, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa mchanganyaji wa vinywaji katika hoteli moja ya pwani. Alikuja na mkoba wa ngozi kama wa daktari. Ndani mlikuwa na kopo la kutikisia, vichujio, sharubati ya pasheni, na kifaa cha kutoa moshi. Alivipanga juu ya meza ya jikoni, akakunja mikono ya shati, akamtazama mama yake kwa huruma.

"Mama, mambo yamebadilika. Mtu hanywi kinywaji, anakunywa hadithi."

"Hadithi atakunywa kwa masikio. Mimi nataka kitu cha kutia mdomoni."

Chupa ya tekila aliileta mwenyewe, na Doña Cuca aliipokea kwa pembe ya aproni kama kitu cha moto. Kila Fermín alipomaliza kumimina, mama aliifunga, akaitia ndani ya mfuko wake wa sokoni, akauning'iniza begani. Alipikia na mfuko begani. Alienda chooni na mfuko begani, na chupa ikagongana na mlango.

Ya kwanza Fermín alisaga matunda yote kwenye blenda pamoja na mbegu za danzi, na ikatoka povu chungu la rangi ya ukuta. Ya pili alifuata karatasi ya manispaa, neno kwa neno.

"Hii ni supu," alisema Doña Cuca.

"Ni ya kiasili."

"Ni supu baridi iliyolewa."

Ya tatu aliipulizia moshi na kuiongezea sharubati. Doña Cuca alionja, akakunja uso. Tatizo lake lilikuwa moja na hakulificha: hakuwahi kunywa maishani, na tone la tekila lilipogusa ulimi wake, ulimi ulifunga duka. Hakujua kama pilipili imezidi au imepungua, kama kuna chumvi au hakuna. Kwa upande wake Fermín alikuwa ametia sukari kwenye glasi za wageni kwa miaka sita, na kwake kila kitu kilihitaji sukari zaidi.

"Hotelini wangeinywa hii," alisema.

"Hotelini wanafika wameshalewa."

Fermín aliweka kopo chini. "Basi tuseme ukweli. Nyumba hii ina ulimi mmoja, na wote tunajua ni wa nani. Baba aonje, ateme. Hotelini wanafanya hivyo, wanaonja glasi arobaini wanatema, wanarudi nyumbani wakiendesha gari."

"Hapana."

"Kutema si kunywa, mama."

"Nani kakuuliza? Ulikuwepo mizani ilipouzwa?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na mimi ndiye nilikuwa nakadiria gramu za hikama huku yule mwalimu wa hesabu ananicheka. Sijasahau. Lakini Jumamosi ni keshokutwa."

Don Eleuterio alikuwa mlangoni na ndoo ya madanzi. Hapana shaka alisikia yote, maana jikoni ni padogo na mkewe hana sauti ya chini. Aliitazama glasi ya tatu, iliyokuwa bado inafuka moshi.

"Naweza kuonja, Cuca," alisema.

"Huwezi. Umeapa."

Alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza kitu. Kisha akamtazama mkewe, akautazama mfuko begani, akasema tu, "Haya," akaweka ndoo chini na kwenda kuangalia gari ambalo halikuwa na tatizo jipya.

Doña Cuca alimwaga ile glasi kwenye sinki. Alikuwa na hasira na Ivonne, na wachoraji, na jogoo, na mwanawe, lakini zaidi ya wote alikuwa na hasira na ule ulimi wa mumewe, uliokaa pale mlangoni ukiwa mzima, wenye kujua kila kitu, na haugusiki.

*

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Padre Hilario. Alimkuta amepanda ngazi, anafungua spika ya kanisa kwa bisibisi. Doña Cuca aliweka mfuko juu ya benchi, nao ukalia kli.

"Padre, mtu aliyeapa akionja halafu akatema, amevunja kiapo?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Padre akatazama chini, kwenye mfuko. "Huyu mtu tu, mkewe amemletea chupa kanisani?"

"Nisingeiacha nyumbani hata kwa dakika. Nijibu, padre, nina maembe yananisubiri."

Padre Hilario aliteremka ngazi mbili. Alikuwa amesikia maswali ya namna hii tangu aje San Onofre: je, bia isiyo na ulevi, je, keki yenye ramu, je, kiapo kinahesabika ukiwa nje ya wilaya. "Doña Cuca, kiapo si mkataba wa nyumba, tukae tunatafuta kifungu. Na kile si chako. Kadi imeandikwa jina lake. Muulize yeye kadi yake inasemaje."

"Najua inasemaje. Nimesimama kwenye ile foleni mara tisa."

"Basi muulize hata hivyo," alisema padre, akapanda tena kwenye spika yake.

Alitoka amekereka. Alikwenda kutafuta ndiyo au hapana, akapewa mafumbo ya mtu mwenye bisibisi. Kumuuliza Eleuterio angemuuliza nini? Kila siku aliiona kadi kwenye kofia.

Nyumbani jikoni hapakuwa na mtu ila mumewe. Asubuhi alikuwa amekata sinia zima la matunda kwa ajili ya meza, akayanyunyizia chumvi, danzi na pilipili, akayafunika kitambaa yatoe maji, kama walivyofanya kila siku tangu waoane. Sasa alikuwa amesimama juu ya sinia dogo la kwake, anadonoa kwa vidole viwili, embe, tango, chungwa. Alipomaliza, alilinyanyua sinia kwa mikono miwili, akaliinamisha, akanywa yale maji yaliyobaki chini. Maji hayo hayakamuliwi na mtu. Ni matunda yenyewe yanayoyatoa, kidogo kidogo, baada ya saa nzima ya kukaa na chumvi.

Doña Cuca alisimama mlangoni na mfuko wake. Akilini aliwaona wazee wa chini ya matao, wote, tangu alipokuwa binti anayeosha sahani za mama yake. Glasi ya tekila mkono huu, sinia mkono ule. Funda la huku linachoma, funda la huku linapoza na kuchoma upya. Hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kumimina hiki ndani ya kile. Mtu angefanya hivyo wangemuuliza kama anaumwa.

"Hatuchanganyi," alisema.

Eleuterio alifuta mdomo. "Nini?"

"Siku mbili mwanao anatikisa kopo kama njuga, na hatuchanganyi. Hatujawahi kuchanganya. Tekila peke yake, maji ya sinia peke yake, kando kwa kando. Tekila haina haja ya kuonjwa, imeonjwa kiwandani. Cha kuonja ni hiki." Akavuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Mfuko aliuweka mapajani, lakini angalau aliketi. "Onja, mzee. Niambie."

Alionja. Alifumba macho, na uso wake ukawa wa mtu anayesoma barua.

"Chumvi imezidi. Danzi ni la shambani kwa Macario, lina maji mengi. Tupate la mlimani. Embe lisiwe bivu sana, linafanya uji. Na pilipili isagwe na mbegu zake, nusu tu."

"Nusu tu?"

"Nusu. Iwashe, isitukane."

Walitengeneza masinia sita mchana huo. Fermín aliporudi alikuta wazazi wake wanabishana juu ya chumvi kwa furaha kama watu waliooana juzi, akarudisha kopo lake mkobani bila kuambiwa.

*

Jumamosi saa nne uwanja ulijaa wageni waliovaa midomo ya jogoo ya karatasi. Meza zote zilikuwa na glasi nyekundu. Wageni walipiga picha, walionja, walitabasamu kwa adabu, kisha waliacha glasi zao zimejaa kwenye ngazi za kanisa, na maduara ya kitunguu yakawa yametapakaa kila mahali hata njiwa wakayakwepa.

Ivonne alifika kwenye meza ya Doña Cuca mwisho kabisa, na mpiga picha nyuma yake. Vile viatu vyeupe havikuwa vyeupe tena. Alitazama glasi mbili ndogo, moja safi kama maji, nyingine ya rangi ya jua la jioni na chembe za pilipili.

"Ipi?"

"Zote mbili. Unadonoa matunda, unakunywa ya sinia, unapiga funda la tekila, unarudi. Ndivyo inavyonywewa."

"Doña, karatasi imesema kinywaji kimoja." Hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka tu, na meza kumi na moja zilikuwa zimeshamwangusha. Akanyanyua tekila, akaimimina yote ndani ya glasi ya matunda. Akatoa duara la kitunguu kwenye kimfuko alichobeba mwenyewe, akalipachika ukingoni. "Hivi. Sasa picha ya familia. Bwana mwenye nyumba anyanyue, anywe. Bwana, karibu mbele."

Akaitia glasi mkononi mwa Don Eleuterio.

Simu zilinyanyuliwa. Nyuma ya wageni walikuwa watu wa San Onofre, na wao walijua. Wakageuka wote kwa pamoja kumtazama Doña Cuca. Alitaka kuinyakua ile glasi lakini mikono yote miwili ilikuwa na maji ya embe. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mbele ya watu.

"Ameapa," alisema, kwa sauti ndogo iliyowashangaza waliomzoea.

"Ameapa nini?" aliuliza Ivonne.

Eleuterio alishika glasi mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto alivua kofia, akaitoa kadi kwenye utepe kwa meno, akampa. Ivonne aliipokea na kuisoma kwa sauti, akidhani anasaidia. "Naahidi mbele ya Bikira Mtakatifu kutokunywa tekila, bia wala kileo chochote, hadi tarehe mbili Februari…" Akasita. Akaitazama tena, kisha akamtazama yeye kwa uso uliochangamka. "Lakini hii imekwisha, bwana. Tuko Mei. Imekwisha miezi mitatu sasa. Uko huru."

Halafu mtu wa upande wa baa akasema, "Kumbe, Luterio. Umekaa na kiu bure." Uwanja mzima ukacheka, kicheko kirefu, cha watu wanaompenda mtu na kumdhalilisha vilevile. Wageni walicheka bila kujua wanacheka nini. Doña Cuca alihisi uso unamuwaka. Miezi mitatu. Alifikiria usiku wote aliolala na chupa kwa hizi siku chache, na ule wote wa kabla yake, ambao mumewe hakuwa na kadi hai wala chochote cha kumlinda.

"Najua imekwisha," alisema Don Eleuterio.

Aliiweka glasi mezani taratibu, isimwagike. Akatoa kile kitunguu ukingoni, akakiweka kando. Kisha akavuta sinia, akadonoa kipande cha hikama, akadonoa chungwa, akalinyanyua sinia kwa mikono miwili na kunywa maji ya chini mbele ya simu zote.

"Chumvi iko sawa," akasema.

Hiyo ndiyo picha iliyopigwa. Mgeni mmoja mwenye mdomo wa karatasi akauliza kama na yeye anaweza kula hivyo, kwa vidole. Mwingine akauliza hivyo hivyo. Kufika saa sita foleni ilikuwa imefika chemchemi, na Fermín anamimina tekila kwenye glasi ndogo kwa kasi ambayo hoteli haijawahi kuiona. Ivonne alisimama kando, akaitazama ile foleni, akatazama vitunguu kwenye ngazi za kanisa. Alitoa mhuri. Juu ya karatasi ya Doña Cuca aliandika kwa mkono: kinywaji rasmi, glasi mbili.

"Kitunguu angalau mkining'inize mahali," alisema. "Kwa ajili ya ripoti."

Doña Cuca alikining'iniza kwenye msumari, nyuma ya nguzo.

*

Saa kumi walifunga. Fermín alitangulia na meza kwenye gari, na wao wakabaki kufagia. Doña Cuca alifagia sehemu moja mara tatu.

"Miezi mitatu," alisema.

"Na siku kadhaa."

"Na mimi nalala na chupa miguuni."

"Nilijua. Ulikuwa unaipiga teke usingizini."

"Usinichekeshe, nimekasirika. Uliniambia kanisa lilijaa."

"Lilijaa kweli. Foleni ilitoka nje. Nikakaa benchi la nyuma kungoja. Halafu nikajiuliza, anayekataa pombe humu ndani ni mimi au ni kadi. Sikujua, Cuca. Miaka tisa na sikujua. Nikaondoka ili nijue."

"Na ukajua?"

"Wiki ya kwanza niliogopa hata kupita barabara ya baa. Sasa napita."

"Ungeniambia."

"Ungenichunga."

Doña Cuca akafagia ile sehemu mara ya nne. Alikuwa amemlinda mtu huyu kwa nguvu zake zote, na alipoacha kumlinda bila kujua, mumewe alikuwa amejilinda mwenyewe. Hakujua kama anataka kumpiga na ufagio au kulia. Alikunja aproni. Akachukua mfuko wake, ukalia kli, maana chupa ilibaki robo. Alianza kuupandisha begani kama siku zote, na bega likagoma. Lilikuwa limeuma tangu Alhamisi.

"Lete," alisema Eleuterio. "Ni mzito."

Doña Cuca alimtazama. Aliutazama mfuko. Kati ya matao na nyumbani kulikuwa na baa tatu, na saa kumi zote zilikuwa wazi, milango imefunguliwa, watu wa asubuhi wamekaa humo wanasubiri kumtania. Akampa.

Aliubeba mpaka nyumbani mkononi, chupa ikigonga gonga kwenye paja lake, na mkewe nyuma yake akilalamika njia nzima juu ya kitunguu.